Kutu ya Matanga

Siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu, kaka yake mkubwa alitoka uani, akafunga mlango wa gari, akatia ufunguo mfukoni na kuwatangazia watu waliokaa mkekani kwamba gari halisogei mpaka matanga yaishe. Siku arobaini. Kwetu Kivu ndivyo inavyofanywa, alisema. Kitu cha marehemu kilichokuwa kikitembea kinasimama, kinamlilia mwenyewe. Baada ya hapo kinarudi kwa ukoo.

Hakuna aliyemuuliza ukoo ni nani. Nilikuwa nimekaa palepale na kitenge changu cheusi, na nilijua kwamba mimi simo.

Hatukuzaa. Nalisema mapema kwa sababu kila nilichonyang'anywa kilianzia hapo. Suti zake ziliondoka wiki ileile, mama mkwe akizikunja huku analia, kilio cha kweli, sikatai. Redio ikaenda. Shemeji yangu, huyo kaka mkubwa, alijaribu viatu vyote hapo hapo mbele ya watu, na vile vilivyombana akavichukua pia.

"Vitapanuka," alisema.

Mimi nilibaki na chumba, kitanda, sufuria, na kazi yangu ya kusuka nywele. Tulikaa ugenini, mtaa wa Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba vingi, kila chumba na watu wake na mlango wake, ua mmoja. Gari lilisimama uani chini ya kamba za nguo. Lilikuwa gari zee ambalo upande mmoja ulikuwa wa kijani zaidi kuliko mwingine. Mume wangu alilitumia kupeleka watoto wa watu shuleni asubuhi na kuwarudisha mchana. Waliingia tisa. Halikuwa gari la watu tisa.

Sasa niandike lile ambalo nililificha. Wiki kadhaa kabla ya kuugua, mume wangu aliniambia breki za mbele zinalia. Akikanyaga mara moja pedali inashuka chini kabla ya kushika, hivyo anakanyaga mara mbili. Alitaka kulisimamisha gari siku mbili atafute vipuri. Mimi nikamwambia, subiri shule zifunge. Wazazi watatafuta gari jingine, nikasema, na wakishapata hawatarudi. Alinitazama kidogo, akasema sawa. Akaendelea kukanyaga mara mbili, na watoto tisa nyuma yake, wakishuka kilima chetu kila asubuhi. Hakuna kilichotokea. Kisha akaugua tumbo, akalazwa, na hakurudi nyumbani. Breki hazikumuua. Lakini mimi nilizijua, nikanyamaza, na watoto wale hawakuwa wangu.

Siku ya thelathini hivi ya matanga, shemeji yangu alikuja na mama yake kuwasha injini betri isife. Kulikuwa kumenyesha mvua za mchana, zile za hapa, zinazokuja na mawe na kuondoka kabla hujaanua nguo. Alirudisha gari nyuma kidogo, akalileta mbele. Likakwaruza. Ilikuwa sauti ya chuma kikila chuma, na majirani wakatoa vichwa madirishani.

Shemeji akacheka. "Kutu ya matanga hiyo! Gari ikisimama na mvua, diski zinashika kutu. Nikiendesha kidogo tu itatoka."

Ni kweli kwamba diski hushika kutu. Hata mimi nilikuwa naiona kwenye matundu ya rimu, nyekundu kama matofali. Ila sauti ile niliijua kabla haijanyesha.

"Shemeji," nikasema, "hiyo si kutu. Ndugu yako alikuwa anakanyaga mara mbili. Breki za mbele zimekwisha."

Akashuka, akachuchumaa mbele ya tairi la kushoto, akamulika na simu kupitia matundu. "Njoo uone weye mwenyewe. Pedi hii hapa. Nene!" Nikainama. Ilikuwa nene kweli, karibu upana wa kidole.

"Unaona? Au na macho umemzika nayo?"

"Naiona. Lakini alikuwa anakanyaga mara mbili."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu yake imevimba kwa safari. Hakuinua sauti. "Kwanza alimaliza mtoto wangu," alimwambia mwanawe, kana kwamba sipo. "Sasa anataka kumaliza gari, isitoke hapa."

"Itatoka tu, mama," shemeji akasema. "Jumamosi ya kumaliza matanga mama unakaa mbele, mimi naendesha. Tutashuka nayo na kilima hicho mpaka nyumbani kwetu kusini mwa jiji, watu waone."

Walipoondoka nilikwenda kuchukua sindano yangu ya kusukia, ile yenye ndoana ya kuvutia nywele za bandia. Nililala chini nyuma ya tairi la kushoto, kitenge cha msiba kwenye tope, nikaipitisha nyuma ya diski. Kila diski ina pedi mbili, moja nje na moja ndani, zinaibana kama vidole viwili vinavyobana sikio la mtoto. Ya nje ndiyo aliyoiona shemeji. Nikaitafuta ya ndani kwa ncha ya ndoana, kama ninavyotafuta fundo la nywele nisiloliona. Hapakuwa na pedi. Palikuwa na bati la chuma, na bati lilikuwa limegusana na diski. Nikapima upande wa kulia, na huko ilibaki kidogo sana, unene wa kadi ya simu.

Mlango wa kushoto wa gari haukuwahi kujifunga vizuri. Nikaingia, nikavuta kamba ya boneti, nikatazama kikopo cha mafuta ya breki. Yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Nikafunga boneti na kukaa.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Sitajifanya kwamba nilisali. Nilikuwa naosha sahani huku nikiliona gari likishuka kilima chetu, mama mkwe mbele na mkoba wake mapajani, robot ya chini, taa ya barabarani, ikigeuka nyekundu, mguu wa shemeji ukishuka mpaka sakafuni na chini yake hakuna kitu. Naliona hilo na naendelea kuosha. Nilikuwa nimewaambia, mbele ya majirani. Mikono yangu ilikuwa safi. Usiku mmoja nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nikiwa mkweli, ni hilo lililonilaza.

Lililoniamsha halikuwa huruma. Asubuhi watoto wa shule walipita langoni wakitembea kwa miguu, wale waliokuwa wakipanda kwetu, na mmoja akaligonga gari kwa kiganja akipita, kama anavyosalimia mtu. Nikakumbuka kwamba niliwahi kunyamaza kuhusu breki hizo hizo. Mara moja ilikuwa tamaa ya nauli. Mara ya pili ingekuwa kitu kingine, na hicho nilikijua jina lake.

Fundi alikuwa Mtanzania aliyetengeneza magari kando ya barabara Yeoville, mbele ya kiduka cha spaza kilichofungwa. Alimjua mume wangu. Nilimweleza yote, nikasimulia na Jumamosi na kilima, naye akanisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai, kisha akakiweka chini.

"Dada, hebu nielewe. Gari wanakunyang'anya."

"Ndiyo."

"Wanakuita mchawi."

"Hawajasema mchawi. Wamesema nimemmaliza."

"Haya, mchawi mwenye adabu. Na wewe unataka kuwatengenezea breki."

"Ndiyo."

"Eish!" Akaangalia barabarani kana kwamba anatafuta shahidi. "Mimi ningewapakia na mizigo. Ningewaambia wamchukue na mjomba wao."

"Utakuja au huji?"

"Nakuja. Lakini mkono wangu haumfanyii kazi mwizi. Utafungua mwenyewe, mimi nitakaa nikucheke."

Hakutaka kunitoza kwa kazi ya kukaa. Kuhusu vipuri tulikubaliana nimsuke mke wake na dada zake wawili, ingawa mjane kwenye matanga hasuki. Niliwasuka chumbani kwangu mlango umefungwa. Yeye akapata pedi mpya, na diski mbili za gari lililokufa huko wanakouza vyuma chakavu, ambazo bado zilikuwa laini.

Alikuja Alhamisi mchana, majirani wengi wakiwa kazini. Alikaa kweli, juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawa ananiamrisha. Legeza nati kabla hujainua. Weka tofali nyuma ya tairi la nyuma. Jeki hapo, siyo hapo, hapo utatoboa sakafu. Nilipotoa nati, tairi liligoma kutoka.

"Lipige teke," alisema. "Fikiria ni shemeji yako."

Nikalipiga. Likatoka mara moja, naye akacheka mpaka akajishika ubavu.

Nyuma ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi, palikuwa na boliti mbili. Ya chini ilifunguka. Kwa ya juu nilining'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, nikakwangua vidole, mpaka ikalia na kuachia. Kalipa ikainuka, nikazitoa pedi mbili na kuzishika mikononi. Moja ilikuwa nene kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki moja. Nyingine ilikuwa bati, limeng'aa kama kisu, na pembeni chuma kilikuwa kimejikunja kwa moto. Diski upande wa ndani ilikuwa na mifereji ya kuzama ukucha.

Fundi aliacha kucheka. Akazichukua, akazigeuzageuza.

"Huyu bwana alikuwa anabeba watoto na hii?"

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akainuka kutoka kwenye ile ndoo, akaja kuchuchumaa karibu yangu, na tangu hapo alinionyesha kwa mikono. Kalipa inatakiwa itembee juu ya pini mbili, akaniambia, ili ikibana ndani ibane na nje. Pini ya chini ilikuwa imeganda kwa kutu, haitembei. Kwa hiyo pedi ya ndani ilifanya kazi ya wawili mpaka ikaisha, na ya nje ikakaa tu inanenepa. "Anayechungulia kwa nje anaiona nzima," alisema. "Kila siku nagombana nao."

Tuliitoa pini kwa kuipiga taratibu, nikaisugua kwa msasa mpaka ikawa nyeupe, tukaipaka grisi. Pistoni ya kalipa, inayosukuma pedi, tukairudisha ndani kwa klampu, kifuniko cha mafuta kikiwa wazi, kidogo kidogo. Nikashika diski kuivalisha, akanipiga kiganja cha mkono.

"Mafuta ya nywele hayo! Utapaka diski mafuta ya nywele iteleze kama kichwa cha bibi harusi? Kanawe."

Nikanawa kwa sabuni ya vyombo mara mbili, na diski nayo nikaiosha na kuifuta kwa kitambaa kikavu. Upande wa kulia nilifanya peke yangu. Mwishoni nikapita mlango wa kushoto, nikakaa kiti cha dereva, kiti cha mume wangu, ambacho kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake. Nikakanyaga. Pedali ikashuka mpaka chini, nikamwita fundi.

"Usiogope, pistoni zinatafuta pedi," fundi alisema nje. "Kanyaga tena. Tena."

Mara ya nne ikapanda, ikawa ngumu chini ya mguu wangu. Niliishikilia hivyo kwa muda mrefu. Tukaongeza mafuta mpaka kwenye mstari, tukakagua kama kuna panapovuja, nikakaza nati zote. Fundi akachukua vyuma vyake.

"Pedi mpya siku za kwanza zisikanyagwe kwa nguvu," alisema. "Mwambie."

"Nitamwambia."

"Hatakusikia."

Zile pedi za zamani nilizitia kwenye mfuko wa plastiki nikaziweka chini ya kitanda.

Jumamosi asubuhi wanawake wa upande wao walinikalisha uani kunitoa matanga. Kwetu mjane huogeshwa, hunyolewa, hukatwa kucha, ndipo huvalishwa nguo ya rangi. Mama mkwe mwenyewe alishika wembe. Alininyoa kavu, bila maji ya kutosha, na nilisikia damu ikinishuka nyuma ya sikio. Mimi ambaye kazi yangu ni vichwa vya watu, nilikaa kimya, na alikuwa akinyoa vibaya. Kisha akauchukua mkono wangu wa kulia akate kucha, akausimamisha kwenye mwanga.

Chini ya kila ukucha palikuwa na mstari mweusi. Nilikuwa nimesugua siku mbili. Vumbi la breki halitoki.

"Hii nini?"

"Ni vumbi la breki, mama."

"Mjane kwenye matanga anashika nini na vyuma?"

"Nimetengeneza breki za gari. Fundi alikuja Alhamisi akanionyesha."

Ningeweza kusema ni rangi ya nywele. Wangeniamini. Niliona hata mmoja wa wanawake akinitazama kama ananiombea niseme hivyo.

"Mwanamume alikuja," mama mkwe alisema taratibu. "Matanga haijaisha, mwanamume amekuja hapa."

"Alikuja kuhusu breki."

Wanawake wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Shemeji akaitwa kutoka kwa wanaume, akaambiwa, naye akacheka zaidi. "Breki! Mwanamuke anatengeneza gari inayomutoka mikononi? Hata mtoto hawezi kudanganywa hivyo."

Nikaenda chumbani na kichwa changu cha upara, nikarudi na ule mfuko, nikamwaga pedi mbele yake kwenye mkeka. Akaiokota ile ya bati, akaigusa kwa kidole gumba. Niliona uso wake ukibadilika kidogo sana, kisha ukarudi ulivyokuwa.

"Umeziokota wapi?"

"Kwenye gari lako. Pedi ya ndani, upande wa kushoto."

"Au umetoa zangu nzima, umeuza, umeweka uchafu. Nani anajua umenifanyia nini humo chini?"

"Basi usiliendeshe," nikasema. "Mlete fundi wako alifungue."

Hilo lilimkwaza, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama na alikuwa ameshavaa suti ya marehemu. Akaitupa ile pedi mkekani. Akasema mbele ya wote kwamba chumba wataniachia, kwa kuwa ni cha kupanga, lakini kwenye ukoo wao jina langu lisitajwe tena, mwanamke asiyeweza kungoja siku arobaini. Mama mkwe alikuwa hajanikata kucha. Akauweka mkasi chini na kusema mkono huu hatauvalisha nguo. Kitenge cha rangi waliniachia kwenye kiti, nikakivaa mwenyewe.

Nilimfuata shemeji mpaka dirishani mwa gari. "Pedi ni mpya. Kanyaga kidogo kidogo siku za kwanza."

"Toka hapo."

Mama mkwe alikaa mbele, mkoba mapajani, kama nilivyokuwa nimemwona nikiosha sahani. Gari likatoka langoni. Diski hazikukwaruza. Nilikwenda mpaka barabarani nikasimama, kichwa kinawaka jua. Lilishuka kilima likiongeza mwendo, kwa sababu alikuwa akijionyesha, na robot ya chini ikageuka nyekundu. Nasema ukweli: katika nafasi ile ndogo, sehemu yangu moja ilingoja. Taa nyekundu za nyuma zikawaka. Gari likasimama mbele ya mstari, sawasawa, likainama mbele kidogo na kurudi. Kijani ikaja, wakaenda.

Niliporudi uani watu walikuwa wanakula. Hakuna aliyenipisha. Nikaokota pedi moja moja kwenye mkeka, katikati ya sahani, nne zote.

Jumatatu ulikuja ujumbe wa sauti kutoka kwa shemeji. Alisema amekanyaga breki kawaida tu, gari likasimama ghafla, mama akagonga paji la uso kwenye dashibodi, limevimba. Alitaka kujua nimeweka nini kwenye gari lake. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mama mkwe akisema, mwambie, mwambie.

Nikamwandikia kwamba niliweka breki, na mama afunge mkanda.

Pedi ya ndani ya upande wa kushoto ipo dirishani kwangu. Wateja ninaowasuka huniuliza ni nini, nawaambia ni ya gari la mume wangu. Upande wake mmoja una mikwaruzo ya mduara, mizuri, iliyokaribiana sana, iliyochorwa kidogo kidogo na mguu wake kila asubuhi alipokuwa akishuka kilima na watoto wa watu, kwa sababu nilimwambia asubiri. Kila kitu chake kingine walikitaka. Hiki hakuna aliyekiomba.